Enaji seva na zebaki: ni hatari kweli au tunatishwa tu?

#1 Kipepeo wa Usiku

Wakuu, salaam.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye makundi: ati enaji seva moja, ile balbu ya mrija mweupe, ikipasuka chumbani, zebaki inayotoka inatosha kuua samaki wa ziwa zima, na wenye nyumba watoke wasirudi mpaka kesho yake. Chini yake wameweka picha ya balbu iliyosagika sakafuni na fuvu jekundu.

Msimamo wangu: hizi ni mbinu za wauza LED. Taa hizi tumezitumia miaka nenda miaka rudi, zimepasuka, zimefagiliwa, maisha yakaendelea. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na namba. Fuvu jekundu hata mimi najua kulichora.

#2 Tochi Kavu

Umechokoza mzinga, mkuu. Naweka kambi hapa.

#3 FundiWaya

Zebaki imo, hilo tusibishane. Bila zebaki taa haiwaki. Ndani ya ule mrija kuna gesi ya agoni na zebaki kidogo sana. Umeme ukipita, mvuke wa zebaki unatoa mwanga wa urujuanimno ambao jicho halioni, na ule unga mweupe uliopakwa kwa ndani ndio unaougeuza kuwa mwanga tunaousomea.

Kiasi chake: taa nyingi za kisasa zina kati ya miligramu 1 na 5. Hata ukiikusanya yote ikawa tone moja, halifiki unene wa milimita moja. Habari ya ziwa zima ni porojo.

#4 Mlinzi wa Zamu

Mdharau mwiba mguu huota tende. Miligramu 5 za zebaki siyo miligramu 5 za chumvi. Kipimajoto cha kioo nacho kina kama hizo hizo, na sote tuliambiwa kikivunjika tusiguse. Iweje balbu iwe salama?

#5 Daftari

Mlinzi, hapo umeteleza. Kipimajoto cha zebaki cha kupimia homa kina takriban nusu gramu, yaani miligramu 500, na vingine zaidi. Unahitaji taa mia na ushee kufikia kipimajoto kimoja. Na hiyo miligramu 5 ni kikomo, si wastani. Umoja wa Ulaya ulishusha kikomo kwa taa ndogo za chini ya wati 30 mpaka 3.5 mwaka 2012, kisha 2.5 kuanzia 2013.

Lakini hata FundiWaya asishangilie. Kinachodhuru hapa ni kuvuta mvuke. Zebaki ya maji ukiimeza, karibu yote inapita tumboni na kutoka. Ukivuta mvuke wake, kama asilimia 80 inabaki mwilini kupitia mapafu na inafika hadi kwenye ubongo. Tone la kipimajoto unaliona linakimbia sakafuni, unaliokota. Mvuke wa balbu hauna rangi wala harufu.

#6 Bi Swali

Habari zenu. Naomba kuuliza kabla hamjafika mbali. Ya kwangu haikupasuka. Iliungua usiku ikiwa juu darini, ikatoa moshi na harufu kali ya plastiki, na pale kwenye kitako pakawa peusi. Watoto walikuwa wamelala chumba hicho. Ule moshi ni zebaki?

#7 Mzee wa Holda

Hapana binti yangu. Daftari kasema hapo juu, mvuke wa zebaki hauna harufu. Nimefungua vitako vya aina hiyo vingi kwenye kazi yangu. Unabana ile plastiki kwa bisibisi inaachia, ndani kuna kibao cha saketi cha mviringo. Utakuta kapasita imevimba kichwa kama imekunywa maji, au transista imepasuka katikati, na kibao kimegeuka rangi ya kahawa. Hiyo ndiyo harufu uliyoisikia: gundi, rangi ya waya na plastiki. Mrija wenyewe huwa mzima kabisa.

Ila usirudishe taa iliyotoa moshi kwenye holda. Plastiki nzuri huungua ikazima yenyewe, hafifu siwezi kuisemea.

#8 Mlinzi wa Zamu

Shikamoo mzee. Lakini joto lile lile linaweza kupasua kioo pale shingoni, ambapo mrija unaingia kwenye kitako. Nimeona zenye ufa pale. Usimhakikishie dada moja kwa moja.

#9 Mzee wa Holda

Marahaba. Ikipata ufa, hewa inaingia na taa haiwaki tena. Bi Swali aangalie: kama kioo kizima, alale. Kama kina ufa, afungue madirisha, basi.

#10 Mama Pacha

Mimi yangu ilianguka kwenye zulia, tena la manyoya marefu. Shemeji yangu akaja mbio na mashine ya kufyonza vumbi, nikaishika waya nikaing'oa ukutani. Akanuna. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mashine ile inaivuta zebaki, inaipasha joto kisha inaipuliza nyuma hewani, na hiyo mashine yenyewe inabaki imechafuka.

Nilichofanya: watoto na paka nje, madirisha yote wazi, nikasubiri nje kidogo. Kisha vipande vikubwa kwa mkono wenye glavu, vidogo nikavikwangua kwa kadi ngumu. Ule unga ndio kazi. Unaingia kwenye mizizi ya nyuzi, ukigusa unang'ang'ania. Nilibandika selotepu, nabandua, nabandika, nabandua, kila kipande kinatoka na ukungu mweupe na vioo kama chawa. Mwisho karatasi yenye unyevu. Vyote nikatia kwenye chupa.

Sasa swali: zulia lenyewe niliache au nilitupe? Maana bado nalikanyaga kwa wasiwasi.

#11 Tochi Kavu

Pole kwa shemeji.

#12 Daftari

Mama Pacha umefanya karibu yote EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, wanayoelekeza. Wao wanasema toka nje dakika 5 mpaka 10, zima kiyoyozi cha nyumba nzima kama kipo, usitumie ufagio wala mashine, acha hewa ipite saa kadhaa.

Kuhusu zulia, jimbo la Maine huko huko Marekani lilitoa utafiti mwaka 2008 wakivunja taa kwa makusudi ndani ya chumba na kupima hewa. Kipimo chao cha hewa salama kwa mtu anayeivuta muda mrefu ni nanogramu 300 kwa mita moja ya ujazo (miligramu moja ni nanogramu milioni moja). Mara nyingi walikipita, na mara chache mvuke ulipanda kwa muda mfupi hadi zaidi ya nanogramu 100,000. Walipofungua madirisha ulishuka haraka. Shida ilikuwa zulia: hata lililoonekana safi liliweza kutoa mvuke tena likisuguliwa, na waliangalia hasa usawa wa mtoto anayetambaa. Waligundua pia kwamba mfuko wa plastiki unavujisha mvuke, na chupa ya kioo yenye mfuniko wa chuma ndiyo iliyouzuia vizuri zaidi.

Kwa hiyo kama una mtoto anayetambaa na kipande kile kinakatika, kikate. Kama huna, siku utakapolisafisha fungua madirisha kabla na baada.

#13 Kipepeo wa Usiku

Hapo ndipo ninapopataka. Nanogramu 100,000 kwa muda mfupi, dhidi ya kiwango kilichowekwa kwa mtu anayevuta hewa hiyo mwaka hadi mwaka. Mnalinganisha mvua ya dakika kumi na mafuriko.

#14 Mlinzi wa Zamu

Na wewe unasahau kwamba chumba cha kulala si uwanja wa mpira. Madirisha mawili madogo, usiku, watu wamefunga sababu ya mbu. Watafiti walifungua madirisha kwa sababu walijua wamevunja nini.

#15 Tochi Kavu

Huko huko Maine, 2007, mama mmoja alipasua balbu moja kwenye chumba cha mtoto. Alipouliza, kampuni ya usafi wa sumu ikamwambia gharama ni dola 2,000 hivi. Habari ikazunguka dunia nzima. Baadaye wataalamu wakasema hakuhitaji kampuni, angesafisha mwenyewe. Hofu nayo ina wafanyabiashara wake, mleta mada hajakosea sana.

#16 Ngamia Mweupe

Nimesoma tangu juu, wote mnaangalia sakafu. Angalieni bomba la moshi.

Makaa ya mawe yana zebaki kwa asili. Ukiyachoma kuzalisha umeme, zebaki inapanda hewani. EPA walipiga hesabu kwa mchanganyiko wa umeme wa Marekani wa wakati huo: miligramu 0.012 za zebaki kwa kila uniti moja ya umeme. Globu ya waya ya wati 60 ikiwaka saa 8,000 inakula uniti 480, yaani zebaki miligramu 5.8 hewani. Enaji seva ya wati 13 yenye mwanga ule ule inakula uniti 104, yaani miligramu 1.2, ongeza nusu miligramu hivi inayotoroka baada ya kutupwa. Jumla haifiki 2.

Kwa hiyo ile globu "safi" isiyo na zebaki ndani ndiyo inayomwaga zebaki mara tatu zaidi. Ila inamwagia mbali usipopaona.

#17 FundiWaya

Nakazia.

#18 Mlinzi wa Zamu

Hesabu nzuri kwa anayetumia umeme wa makaa. Mwenye umeme wa maji, jotoardhi au jua? Kwake bomba la moshi halipo. Globu yake ina sifuri, enaji seva inamletea miligramu zake mlangoni. Halafu ya bomba inasambaa angani kwa mamilioni ya watu, ya balbu naivuta mimi peke yangu.

#19 Mzee wa Holda

Kuna tundu jingine, Ngamia. Saa 8,000! Nani ameziona hizo? Kwenye boksi zimeandikwa. Mimi ninayezibadilisha naona nyingine hazifiki robo. Ile ncha ya waya ndani ya mrija imepakwa dawa ya kusaidia kuwaka, na kila ukiwasha inapungua. Taa ya chooni inayowashwa na kuzimwa kutwa inakufa mapema, utaona mrija umekuwa mweusi karibu na kitako. Ukiiweka kwenye kifuniko kilichofungwa, kichwa chini, joto linaua kapasita. Umeme ukipanda na kushuka ndiyo usiseme.

Sasa pigeni hesabu ya taa iliyokufa kwa saa 2,000.

#20 Daftari

Nimepiga mzee, kwa namba zile zile za Ngamia. Globu ya wati 60 kwa saa 2,000 ni uniti 120, zebaki miligramu 1.44. Enaji seva ni uniti 26, zebaki 0.31, jumlisha ya ndani. Tuseme ndani mna miligramu 4. Ikichomwa kwenye shimo la taka zote zikapanda, jumla 4.3. Hapo globu inashinda kwa mbali. Kwa taa ya namna hiyo inayotoa zebaki yake yote, inabidi iwake takriban saa 7,000 ndipo zilingane kwa umeme wa Marekani wa hesabu ile.

Ila zebaki yote haitoroki. Taa ikizeeka, nyingi inanasa kwenye unga na kwenye kioo, na ikitupwa bila kuchomwa inatoka sehemu ndogo tu. Ndiyo ile nusu miligramu ya EPA. Kila kitu kinategemea inakoishia.

#21 Ngamia Mweupe

Sawa, lakini tusisahau ukubwa. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilikadiria zebaki inayotupwa hewani na shughuli za binadamu kuwa tani 2,220 kwa mwaka 2015. Asilimia kama 38 ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, 21 ni uchomaji wa makaa ya mawe. Mchimbaji mmoja anaishika zebaki kiganjani, anachanganya na mchanga wenye dhahabu, anachoma wazi na kuvuta moshi. Huyo ana gramu, si miligramu. Tunapoteza nguvu kwenye balbu.

#22 Mlinzi wa Zamu

Jirani kuwaka moto hakunipi ruhusa ya kuwasha kiberiti kwangu. Na mnasahau Minamata. Mji mzima kule Japani uliharibika kwa ajili ya taa hizi hizi.

#23 Daftari

Siyo taa kabisa. Minamata ni kiwanda cha kemikali cha Chisso, kilichomwaga maji taka yenye methili-zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali, kwenye ghuba. Samaki wakabeba, paka wakaanza kuyumba na kujirusha, kisha watu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Jina la mji ndilo limepewa ule mkataba wa kimataifa wa zebaki wa 2013.

Uhusiano wa taa na jambo lile ni huu: zebaki ya kawaida ikifika majini, kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria wanaigeuza kuwa methili-zebaki. Hiyo ndiyo inayopanda kutoka mdudu hadi samaki mdogo hadi samaki mkubwa, ikizidi kukolea kila hatua.

#24 Ghala la Nyuma

Nilikuwa mtu wa matengenezo kwenye jengo kubwa, silitaji jina. Huko tulikuwa na ile mirija mirefu, mamia. Tulipobadilisha sakafu nzima, vijana walikuwa wanaisimamisha ndani ya pipa la taka, haiingii, wanaikanyaga kati. Pa! Inapasuka kama baruti kwa sababu ndani ni karibu ombwe, na wingu jeupe linapanda mpaka usoni. Wanacheka, wanachukua mwingine. Chumba hakina dirisha. Mirija ya zamani ilikuwa na zebaki nyingi kuliko hizi ndogo, ya miaka ya sabini na themanini ilifika miligramu 40 na zaidi.

Msimamo wangu basi: mtu wa nyumbani na balbu yake moja asikose usingizi. Anayezivunja kutwa, na anayeokota vyuma kwenye dampo linaloungua, huyo ndiye wa kuulizwa, na hayumo kwenye uzi huu.

#25 Bi Swali

Nimekusoma. Je, ule unga? Tangu utotoni tunaambiwa ukikatwa na kioo cha taa ndefu kidonda hakiponi.

#26 Daftari

Kuna ukweli wa kale hapo. Mirija ya mwanzo ilikuwa na beriliamu, madini yenye sumu, kwenye unga, na kidonda chake kilikuwa kigumu kweli kupona. Viwanda vya Marekani viliiacha mwaka 1949. Unga wa sasa ni wa aina nyingine. Osha kidonda kama kidonda chochote cha kioo, toa vipande.

#27 Mama Pacha

Na ngozi? Nilisikia zinaunguza.

#28 FundiWaya

Zile za mrija wazi zinaachia urujuanimno kidogo. Waingereza mwaka 2008 walishauri usikae karibu yake chini ya sentimita 30 kwa zaidi ya saa moja kwa siku. Taa ya mezani hiyo. Ya darini haikufikii, na zenye kifuniko cha pili hazina neno.

#29 Kipepeo wa Usiku

Haya, tuseme nimekubali kufungua dirisha. Wauza LED bado wananufaika, au siyo?

#30 Ghala la Nyuma

Wananufaika, na ule mkataba wa Minamata unawabeba. Kikao cha Bali cha Machi 2022 kilikubaliana enaji seva za wati 30 kushuka chini zikome kutengenezwa na kuuzwa nje ifikapo 2025, na Geneva 2023 wakaongeza mirija mirefu, mwisho 2027. LED haina zebaki na wati 9 zinatosha pale ulipohitaji 13. Lakini nayo ni kifaa cha kielektroniki: ina kibao, risasi, shaba. Ikifa baada ya muda mfupi tunatupa kibao kizima.

Na zilizokwisha kuuzwa bado ziko darini. Mitambo ya kuzirejesha ipo: wanakata ncha, wanapuliza unga, wanaupasha kwenye tanuru lililofungwa, zebaki inapanda mvuke na kurudi kuwa majimaji upande wa pili ikiwa safi. Kioo kinatumika tena, na unga una madini adimu kama yitriamu. Tatizo ni kuzifikisha huko zikiwa nzima.

#31 Bi Swali

Zangu zilizokufa nimezifunga pamoja na mpira kwenye mfuko. Sawa?

#32 Mzee wa Holda

Usifunge na mpira, zinagongana. Kila moja kwenye boksi lake au ifunike gazeti, weka kwenye katoni lisilokanyagwa, mpaka upate mahali wanapozipokea. Na unapoifungua kwenye holda shika kitako, usishike mrija. Nyingi zinapasuka mkononi kwa kosa hilo.

#33 Mlinzi wa Zamu

Na asiye na mahali pa kuzipeleka je? Hilo hakuna aliyelijibu.

#34 Ngamia Mweupe

Kaa nazo. Kwenye katoni zikiwa nzima hazitoi chochote.

#35 Mlinzi wa Zamu

Mpaka lini?

#36 Tochi Kavu

Wakati mnajibizana: mimi nimehamia LED zamani, ila moja nikiizima inabaki inawaka kwa mbali usiku kucha. Hiyo nayo ni zebaki?

#37 FundiWaya

Swichi yako ina kijitaa chekundu ndani, au fundi wako amepitisha swichi kwenye nyutro (waya wa kurudi) badala ya laini (waya wenye umeme). Pima kwanza, halafu fungua uzi wake, tusimharibie mwenzetu huu.